Batiki, rangi ya mafuta, kroshia na ukili: tuliyoyajaribu uani mimi na shoga yangu

Pesa iliyotutoka kwenye batiki peke yake ingetosha doti nne za khanga Kariakoo na nauli ya kurudi ikabaki. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za kazi za mikono wameshaona video moja ya mtu anachovya kitambaa kwenye beseni, anakitoa, kimependeza, imekwisha. Kilichotangulia hawakukiona, na kilichofuata ndiyo kabisa. Sisi tulianza na batiki, tukahamia kwenye kuchora kwa rangi ya mafuta, tukafuma vitambaa vya makochi, mwisho tukaangukia kwenye ukili, ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, na huko ndiko tuliko mpaka leo.

Tunaishi Mbagala, Dar es Salaam, mitaa miwili inatutenganisha. Shoga yangu alikuwa amepunguzwa kazini, mimi nafanya kazi za zamu, na siku tuliyobaki nayo pamoja ni Jumapili mchana. Ikawa tukikutana chai inapoa mezani, kila mtu kainamia simu yake. Yeye ndiye aliyechoka kwanza. Akasema, "Shoga, kama ni kuangalia simu si kila mtu angebaki kwake? Tutafute kitu cha kufanya." Hatukuwa na nia ya biashara. Tulitaka kitu cha kushika mkononi, tukae.

Batiki ililetwa na yeye. Tukaenda Kariakoo na orodha tuliyoiokota kwenye simu: kitambaa, rangi ya unga, kostiki soda, haidro, nta, sponji, glovu. Muuzaji wa kitambaa alituapia kwamba ni pamba tupu, bei ikawa nzuri, tukachukua. Ilipofika kwenye rangi, sehemu kubwa ikabaki na weupe mchafu usioeleweka. Siku hizi hatuulizi, tunachoma. Unachomoa nyuzi mbili tatu ukingoni mwa kitambaa, unazisokota, unaziwasha kwa njiti ya kiberiti. Pamba huwaka upesi, inanuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ukilishika linasagika kuwa unga wa kijivu. Uzi ukijikunyata, ukayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi kisichopondeka kwa kidole, hiyo ni poliesta, au pamba iliyochanganywa nayo, na rangi ya batiki haitaishika vizuri. Kuna muuzaji atakayenuna ukimwomba kipande cha kuchoma. Muache anune, nenda duka la pili.

Hata pamba ya kweli ina wanga wa kiwandani unaoifanya ionekane imenyooka pale dukani. Ifue kwa maji ya moto na sabuni, isuuze, ianike, ndipo uanze. Ukiruka hapo rangi inakaa kwa mabaka.

Sasa dawa za kuyeyushia rangi, yaani kostiki na haidro. Kostiki inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Maji yanatangulia kwenye ndoo, kostiki inafuata kidogo kidogo huku unakoroga kwa mti mrefu. Usimwagie maji juu yake, maana hupata moto ghafla, ikachemka na kuruka. Glovu ziwe zile nene za mpira, zile nyepesi za hospitali zinachanika. Vaa miwani na nguo ya mikono mirefu, na watoto wasiwepo uani kabisa. Haidro nayo, ule unga mweupe unaonuka kiberiti, isiachwe wazi wala isipate unyevu kwenye pakiti, kwa sababu ikilowa kidogo inajipasha yenyewe mpaka inaweza kuwaka.

Na kuna jambo ambalo hakuna video iliyotuambia. Kostiki haipatani na alumini, na alumini ndiyo karibu kila sufuria iliyoko jikoni kwako. Inaila, inatoa povu, na gesi inayotoka pale inashika moto. Sufuria ya pilau ya shoga yangu ilinusurika kwa sababu jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi za sabuni alichungulia uani, akatupigia kelele. Tumia ndoo ya plastiki nene au chombo cha chuma cha pua, na chombo hicho kisirudi tena kwenye chakula.

Nta, ambayo hupakwa pale usipotaka rangi ishike, tuliiyeyusha kwenye jiko la mkaa. Mishumaa ya dukani ukiitumia mitupu hupasukapasuka ikikauka, na rangi inapenya kwenye nyufa. Wapo wanaopenda mistari hiyo, ni sura ya batiki yenyewe. Ukitaka nta inayolala bila kupasuka sana, changanya na nta ya nyuki. Sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria nyingine yenye maji, isikutane na moto moja kwa moja. Ukiona imeanza kufuka moshi, iondoe. Ikiwaka, funika kwa mfuniko uzime hewa, usimwage maji. Muhuri wetu wa kugongea nta tulitengeneza kwa sponji ya godoro bovu tuliyoikata umbo la korosho na kuigandisha kwenye kibao, na kusema kweli ule muhuri ndio ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyonunua, kwa sababu haukununuliwa.

Nisije nikaonekana nimeichukia batiki. Kitambaa chetu cha mwisho, pamba kweli, kilitoka kwenye beseni la buluu kikiwa kijanikijani. Tukakitandaza kwenye kamba, na hapo hapo, hewa inavyokigusa, kijani kikaanza kukimbia kutoka pembeni kwenda katikati, buluu inakifuata nyuma. Shoga yangu aliita nyumba nzima waje kuona. Rangi hizi ndivyo zilivyo, zinayeyuka pale zilipoondolewa hewa na zinashika uzi zikirudishiwa, ndiyo maana kitambaa kisikae kimejikunja juu ya maji unapokichovya.

Lakini tazama mchana wetu ulivyokwenda. Tangu saa nane mpaka magharibi maneno yetu yalikuwa "shika hapa," "angalia moto," "mtoto huyo!" Tulimaliza tumechoka, macho yanawasha, na ua wa watu tumeuchafua. Nyumba ni ya kupanga, ua ni wa wote. Maji ya rangi yalipita kwenye sakafu ya saruji kuelekea mferejini, na mama mwenye nyumba hakugomba, aliuliza tu kama ile buluu itakuwa imetoka kabla ya Idi. Haikutoka. Na maji uliyochemshia kitambaa ili kutoa nta ukiyamwaga mferejini yakiwa ya moto, nta inaganda ndani na bomba linaziba. Iache ipoe, itaelea juu ya maji na kuganda, uiokote, utaitumia tena.

Kwa hiyo anayeitamani batiki namshauri aanze kwenye kikundi cha akina mama wanaoifanya tayari, wenye eneo la wazi, mabeseni na mtu aliyezoea dawa. Hata SIDO, lile shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, limefundisha wengi kazi za namna hii mikoani. Ukishika mkono wa mtu kwa siku moja utaokoa pesa nyingi kuliko kuangalia simu mwezi mzima. Dawa zetu zilizobaki tulizipeleka kwa kikundi cha namna hiyo, wakafurahi.

Kuchora ilikuwa zamu yangu kupendekeza. Nilikuwa nimepita Oysterbay kwa mafundi wa picha za Tingatinga nikamkuta mmoja anamtia madoa ndege kanga, doa baada ya doa, mkono hautetemeki. Na hadithi ya Edward Saidi Tingatinga mwenyewe inatia moyo. Mtu wa Tunduru, hakusoma shule yoyote ya sanaa, akaanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli kwenye vibao vya mraba, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha wanafunzi na mtindo unaobeba jina lake. Miaka minne tu. Tukajiambia, kama hakusomea, na sisi tutaweza. Mantiki hiyo ina tundu kubwa, lakini ilitufikisha hadiwea.

Vifaa ni rahisi kuvipata: makopo madogo ya rangi ya mafuta, tina ya kuzimulia rangi, brashi chache, na kipande cha hadibodi ambacho fundi seremala alitukatia mabaki bure. Rangi nyekundu, nyeupe, nyeusi, buluu na njano zinatosha, nyingine utachanganya. Brashi ndiyo usibane matumizi. Zile za bei ya chini kabisa zinaacha nywele kwenye rangi, na kuzichomoa kwa ukucha kunaharibu zaidi.

Tatizo la rangi ya mafuta ni kwamba haina haraka na wewe. Unapaka mandhari ya nyuma, unasubiri mpaka kesho. Unachora mnyama, unasubiri tena. Ukiweka madoa juu ya mwili ambao bado mbichi, yote yanachanganyika. Sisi tulikuwa na Jumapili moja kwa wiki, kwa hiyo picha moja ilikwenda karibu mwezi, na kila ukirudi umeshasahau ulikusudia nini. Harufu ya tina nayo haifai chumbani, achilia mbali chumba anacholala mtoto. Tulihamia barazani, upepo ukatuletea vumbi la barabarani likaganda kwenye anga letu la buluu. Bado limo.

Lililotusumbua kweli, hata hivyo, ni jingine. Tulikuwa tumeamua wote tuchore chui. Wangu alikuja vizuri, sijui kwa nini, labda kwa sababu niliiga miguu kutoka kwenye kadi. Wake alionekana kama paka mwenye tetekuwanga. Nikacheka. Yeye akacheka pia, lakini Jumapili iliyofuata alikuwa anaumwa kichwa, na iliyofuata alikuwa na mgeni. Ilibidi nimfuate kwake. Alichoniambia nakiweka hapa kwa sababu wengine watakikuta: mtu aliyetoka kuachishwa kazi hataki kukaa tena mahali ambapo anapimwa. Tangu hapo hatufanyi kitu kile kile bega kwa bega. Ama tunashika kazi moja kwa pamoja, yeye upande wake mimi wangu, ama kila mmoja ana ya kwake isiyolingana na ya mwenzake. Chui wake yuko ukutani kwangu, na wageni humuulizia huyo kwanza.

Kroshia tuliiingia kwa sababu yake. Alijifunza akiwa shule, na nyumba zetu zote zimekulia chini ya vitambaa vya kufuma, kwenye makochi, juu ya redio, juu ya televisheni, mpaka kwenye mtungi. Gharama ni ndogo. Sindano moja na kibunda cha uzi wa pamba, umeanza. Kama unajifunza, chukua uzi mnene kidogo wa rangi nyepesi. Mimi nilipenda mweusi, na kwa uzi mweusi huoni tundu la kupitishia sindano, hasa umeme ukiwa umekatika na mnatumia taa ya simu.

Shoga yangu ni mashoto. Alipokaa pembeni yangu kunionyesha, kila nilichoiga kilikuwa kinyume, tukaanza kupandishiana sauti. Dawa yake ilikuwa kukaa uso kwa uso. Mkono wake wa kushoto unakuwa mbele ya mkono wangu wa kulia na unafuata bila kufikiri. Mtu wa kulia anayemfundisha mtoto wa mashoto afanye vivyo hivyo.

Kitambaa changu cha kwanza kilianza na upana wa kiganja kikaishia ncha. Wanaoanza wengi huishia hapo: tundu la mwisho la kila mstari limejificha ukingoni, unaliruka bila kujua, na mstari unapungua kila ukigeuza. Chomeka pini kwenye tundu la kwanza na la mwisho, uhamishe pini kila mstari, mpaka jicho lizoee. Na hesabu, kila baada ya mstari. Hapo sasa ndipo kroshia inapoingilia maongezi. Mtu yuko kwenye thelathini na saba, wewe unamwambia habari za msiba wa jirani, anapotea, anafumua. Mwisho tukawa tunanyoosheana kidole cha "subiri" mara nyingi kuliko tunavyoongea.

Halafu likaja suala la kuuza. Yeyote anayefanya kazi ya mikono nchini kwetu anajua swali la kwanza la kila anayepita: "Mnauza?" Hawasemi kizuri, hawasemi kibaya, wanauliza bei. Shoga yangu aliweka picha kwenye simu, mama mmoja akaagiza seti ya makochi kwa ajili ya nyumba ya binti yake anayeolewa, akatanguliza nusu ya pesa. Kwa mtu asiye na mshahara ile nusu haikuwa kitu cha kukataa, na sikumlaumu. Lakini Jumapili zetu zikageuka kiwanda. Yeye ndiye anayefuma haraka, mimi naharibu na kufumua, na harusi haisogezwi. Ilipofika kugawana, nikasema achukue zaidi, akasema tugawane sawa, na kila mmoja alikuwa na kinyongo na upole wa mwenzake. Vitambaa vilifika kwa wakati. Agizo la pili tulilikataa wote wawili kabla ya kushauriana. Kama mnaanza na rafiki, lizungumzeni hili siku ya kwanza, pesa ikija itakuwa ya nani na kwa kazi ya nani, hata kama mnaona haitakuja. Yeye sasa anafuma za kuuza siku zake za katikati ya wiki, peke yake, na zinamlipia ada ya mtoto. Jumapili kroshia haitoki mkobani.

Ukili hatukuutafuta. Mama yangu mkubwa alikuja kutoka kisiwa cha Mafia kwa matibabu, boti ya Kilindoni mpaka Nyamisati, basi mpaka Mbagala Rangi Tatu, na kwenye mzigo wake, kati ya nazi na samaki mkavu, alikuwa na fungu la ukindu na ukili aliouanza. Hawezi kukaa mikono mitupu. Kila baada ya chakula anavuta mkeka barazani, ananyoosha miguu, anasuka, na anaongea na kila anayepita bila kutazama mikono yake. Shoga yangu alikaa kumwangalia kwa muda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Tulikuwa tunatafuta hiki."

Mama mkubwa alicheka kusikia watu wazima wanataka kufundishwa ukili. Kwao mtoto wa kike aliushika akiwa na miaka sita saba, kwa kupewa mabaki ya bibi yake. "Wanangu, mna vyeti vyote hivyo," akasema, akatupatia chane za ukindu.

Nieleze kwa wasioujua. Ukindu hutoka kwenye majani machanga ya mkindu, yale ya katikati ambayo hayajafunguka. Hukatwa, huanikwa juani mpaka yapauke, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba. Za rangi huchemshwa kwenye maji yenye rangi ya unga ya dukani. Chane husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaokwenda pima kwa pima, na ukishatosha hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka au msala. Miyaa, yaani majani ya mkoche, ni migumu zaidi, hutumika kwa majamvi na vikapu, na inachuna vidole vya asiyezoea, kwa hiyo usianzie huko.

Siku ya kwanza tulisuka kama urefu wa mkono, ukapinda kuelekea kulia. Mama mkubwa hakuangalia mikono yetu, aliangalia chane. Alizichukua akazipanga sambamba kwenye paja lake, na hapo hata sisi tukaona, nyingine ilikuwa nyembamba nusu ya mwenzake. Kazi yote ya ukili iko kwenye kuchana. Chane zikilingana, mikono yoyote itasuka kitu kilichonyooka. Zisipolingana, hakuna ustadi utakaouficha upinde. Yeye huchana kwa ukucha wa dole gumba, anautia kwenye jani karibu na shina na kuuvuta mpaka nchani kwa pumzi moja. Sisi tunatumia sindano iliyochomekwa kwenye kizibo, na hatuoni haya.

La pili ni maji. Ukindu mkavu unakatika, kwa hiyo tuliuloweka kwenye beseni, ukawa laini ajabu, tukasuka kwa raha. Ulipokauka chane zilisinyaa na ukili ukabaki na matundu unayoweza kupitisha punje ya mchele. Inatakiwa kuvingirisha chane kwenye kitambaa kibichi tu, zipate unyevu bila kulowa, na kuzitoa chache chache. La tatu ni kuunga. Chane inapokaribia kwisha unaingiza mpya juu yake zikaenda pamoja kidogo, na usiunge zote mahali pamoja, maana hapo ndipo mkeka utakapokatikia. Mabaki yanayochomoza yaache, yatakatwa kwa kisu siku ya mwisho.

Baada ya hapo mikono ikaanza kwenda yenyewe. Huhesabu kitu, huangalii moto, hakuna kinachokauka wala kinachomwagika. Mgeni akija unauweka chini, akiondoka unauokota ulipouacha. Mtoto akilia unainuka. Umeme ukikatika unaendelea gizani. Na mdomo uko huru. Ndipo katika Jumapili hizo shoga yangu alipoanza kunieleza siku aliyoitwa ofisini akapewa barua, nani alikuwepo, nani alimkwepa macho kwenye ngazi. Tulikuwa tumejuana miaka mingi na habari hiyo ilikuwa imepita muda, lakini hakuwahi kuimaliza. Nadhani ilimsaidia kwamba nami nilikuwa natazama ukili wangu. Mimi pia yapo niliyoyasema ambayo hayahusu hapa.

Kwa upande wa pesa, ukili ndio uliotugharimu kidogo kuliko vyote, fungu la ukindu na nauli yake kwenye boti. Wala hauingizi kitu. Mkeka wa plastiki wa kiwandani unauzwa bei ambayo haitalipa hata wiki moja ya vidole vyangu, na mtu anayeshindana nao kwa bei anajisumbua. Sisi hatujafikiria kuuza, na wapita njia wakiuliza tunawaambia haujaisha, ambayo ni kweli.

Tahadhari moja ya msimu. Masika yaliyopita tulikunja ukili ukiwa bado na unyevu tukausukuma chini ya kitanda. Tulipoutoa ulikuwa na madoa meusi ya ukungu kwenye mkunjo wote wa ndani. Tuliuanika jua kali na kuusugua kwa kitambaa kikavu, harufu ikatoka, madoa mengine yakabaki. Sasa unaning'inia kwenye msumari ukutani kwa shoga yangu, maana kwangu kuna panya, na kila jua likitoka anautoa nje kidogo.

Kushona bado hatujui. Tulijaribu wenyewe tukapata mfuko. Mama mkubwa amesema tusiguse tena, atakuja baada ya Maulidi kutuonyesha, na kwamba rangi za pindo tununue huku huku, kwao zimepanda bei. Shoga yangu anataka zambarau, mimi nataka nyekundu, na hilo halijapata mwafaka.